Sampuli, Nasibu na Kaya: Istilahi za Ukusanyaji wa Data na Uteuzi wa Sampuli

Kamusi za Kiswahili zina neno bambo, kwa maana ya kifaa chenye ncha na mfereji ambacho mnunuzi wa nafaka hukichoma guniani ili kuchopoa punje chache na kuzikagua kabla ya kulipa. Mnunuzi hawezi kumwaga gunia zima, sembuse magunia mia mbili yaliyopangwa ghalani. Huamua juu ya shehena yote kwa punje zinazojaa kiganja. Aliye mzoefu hachomi bambo mdomoni mwa gunia tu, kwa kuwa anajua kwamba muuzaji mjanja anaweza kutanguliza mchele safi juu na kuficha chenga chini. Huchoma pembeni, katikati na karibu na kitako, na huyafikia hata magunia yaliyo nyuma ya rundo.

Kazi hiyo ya ghalani ndiyo kazi ya mtafiti anayetaka kujua habari za watu wengi kwa kuwauliza wachache. Elimu ya takwimu imeiwekea kanuni na kuipa istilahi, na nyingi za istilahi hizo ni maneno ya kawaida ya Kiswahili yaliyotwishwa maana mahsusi. Makala haya yanazieleza na kuonyesha mahali ambapo maana ya kila siku hupishana na maana ya kitaaluma. Upishano huo hauishii katika lugha: neno likikosewa katika hojaji au katika sura ya mbinu za utafiti, kinachoharibika ni hesabu yenyewe.

Data na takwimu

Neno takwimu asili yake ni Kiarabu, ambako taqwim huhusu ukadiriaji na pia kalenda. Maana ya kalenda imo pia katika kamusi za zamani za Kiswahili. Leo takwimu ina maana mbili. Kwanza, ni hesabu zilizokwisha kukusanywa na kupangwa, kama vile takwimu za mvua au za mavuno. Pili, ni elimu ya kukusanya, kupanga, kuchanganua na kufasiri hesabu hizo, na mwenye elimu hiyo huitwa mtakwimu.

Data ni taarifa ghafi kabla hazijapangwa. Si lazima ziwe tarakimu: majibu ya mahojiano, picha na rekodi za sauti ni data pia. Kwa hiyo kila takwimu imetokana na data, lakini si kila data ni takwimu. Kisarufi, neno data limo katika ngeli ya i-/zi-. Waandishi husema "data hii imekusanywa" wanapoichukulia kuwa mkusanyo mmoja, na "data hizi zimekusanywa" wanapofikiria taarifa mbalimbali. Yote mawili yanakubalika. Lisilokubalika ni kuanza na umoja katika aya na kumalizia na wingi bila sababu.

Data ambazo mtafiti amezikusanya mwenyewe uwandani huitwa data za msingi. Zile alizozikuta zimekwisha kukusanywa na wengine, katika ripoti, majalada au vitabu, huitwa data za upili. Neno upili hapa halimaanishi udhaifu. Huonyesha tu kwamba data zimepitia mkono mwingine kabla ya kumfikia mtafiti.

Sensa na sampuli

Sensa ni hesabu ya kila mmoja bila kuacha. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyohesabu watu kwa kurejelea usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, walipatikana watu 61,741,120. Kenya ilifanya sensa yake katika usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 na kupata watu 47,564,296. Kazi ya namna hiyo huhitaji makarani wengi, fedha nyingi na miaka ya matayarisho, ndiyo sababu aghalabu hufanywa mara moja kila miaka kumi. Kati ya sensa moja na nyingine, maswali kuhusu chanjo, kipato au kilimo hujibiwa kwa sampuli.

Katika mazungumzo, sampuli humaanisha aina au mfano wa kitu. Mtu husema "nguo za sampuli hii hazipatikani", na wakati mwingine kwa dharau, "watu wa sampuli ile". Katika takwimu, sampuli si aina wala mfano uliochaguliwa kwa uzuri wake. Ni sehemu iliyotolewa katika kundi zima ili ilisemee kundi hilo. Kitambaa ambacho mwenye duka hukitundika mlangoni ni sampuli kwa maana ya kwanza tu, kwa kuwa kimechaguliwa ili kivutie.

Kundi zima lenyewe limewatatiza watafsiri kuliko istilahi nyingine yoyote katika uwanja huu. Wengi huliita "idadi ya watu", lakini idadi ni tarakimu, ilhali kinachozungumziwa ni wahusika wenyewe. Tena si lazima wahusika wawe watu: huenda ni maduka yote ya Kariakoo, magunia yote ya ghala au maneno yote ya gazeti. Waandishi wengine hutumia umbo la mkopo populesheni. Wengine husema kundi lengwa au jamii ya utafiti. Lolote litakalochaguliwa, sharti litofautishe kundi na idadi yake, ili sentensi kama "idadi ya kundi lengwa ni 1,200" iwe na maana.

Kundi hilo likishaainishwa, huhitajika orodha ambayo majina yatatolewa humo: daftari la shule, orodha ya kaya za kijiji, ramani ya maeneo ya kuhesabia watu. Orodha ikiwa na mapengo, sampuli nayo itakuwa na mapengo yale yale, hata uteuzi ukifanywa kwa uangalifu wa namna gani. Asiyeandikwa hawezi kuteuliwa.

Nasibu si ovyo

Nasibu, katika lugha ya kila siku, ni bahati au jambo litokealo bila kupangwa. Ndiyo asili ya jina bahati nasibu kwa mchezo wa kuvuta tikiti. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huandika kwamba watafitiwa wao "waliteuliwa kinasibu", wakimaanisha kwamba waliwahoji waliokutana nao stendi, sokoni au mbele ya maktaba. Huo si uteuzi nasibu. Ni uteuzi wa waliopatikana kwa wepesi.

Uteuzi ni nasibu pale tu ambapo kila mmoja katika kundi zima ana nafasi ya kuteuliwa, nafasi hiyo inajulikana, na anayeamua ni kura, si mtafiti wala mtafitiwa. Karatasi zilizokunjwa na kuchanganywa kapuni, jedwali la tarakimu nasibu au programu ya kompyuta vyote hufanya kazi hiyo. Katika stendi, msafiri wa saa kumi na moja alfajiri hana nafasi ya kuhojiwa na mwanafunzi aliyefika saa nne asubuhi. Mgonjwa aliyelala nyumbani hana nafasi kabisa. Naye mhojaji, pasipo kujua, huwaendea wenye nyuso za upole na kuwapisha wenye haraka.

Kwa hiyo nasibu ya kitaaluma ni kinyume cha ovyo. Ovyo ni kutokuwa na mpango. Nasibu ni mpango unaomnyima mtafiti uhuru wa kuchagua anaowapenda. Mtahini anapoiuliza kauli "waliteuliwa kinasibu", anauliza mambo mawili: orodha ilikuwa ipi, na kura ilipigwa vipi. Asiye na majibu hayo anapaswa kuandika kwa unyofu kwamba aliwahoji waliopatikana, na kwamba matokeo yake yanawahusu hao.

Njia za uteuzi

Njia nasibu zinazotajwa zaidi ni nne, na majina yake hutofautiana kati ya kitabu kimoja na kingine. Mfano mmoja unatosha kuzieleza: shule yenye wanafunzi 1,200 ambamo wanatakiwa 60.

Sampuli nasibu sahili hupatikana kwa kupiga kura moja kwa moja katika orodha nzima. Kila mwanafunzi ana nafasi moja kati ya ishirini.

Katika sampuli pangilifu, 1,200 hugawanywa kwa 60 na kupata nafasi ya 20. Hupigwa kura ya namba moja kati ya 1 na 20. Ikitoka 7, huteuliwa mwanafunzi wa 7, wa 27, wa 47, na kuendelea hadi wa 1,187. Njia hii ni nyepesi, lakini ina mtego. Iwapo shule ina mikondo 30 ya wanafunzi 40, na majina yamepangwa kwa kufuata alama za mtihani, watakaoteuliwa katika kila mkondo ni mshindi wa 7 na wa 27 peke yao. Wa mwanzo kabisa na wa mkiani hawatasikika.

Sampuli ya matabaka huanza kwa kuligawa kundi kwa sifa inayohusika na utafiti, kisha kura hupigwa ndani ya kila sehemu. Shule ikiwa na wavulana 800 na wasichana 400, huteuliwa wavulana 40 na wasichana 20. Neno tabaka hapa halina uhusiano na tabaka la matajiri au la makabwela. Ni safu tu. Njia hii huwafaa hasa walio wachache. Katika sensa ya 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, yaani takriban asilimia 3 ya watu wote wa Jamhuri ya Muungano. Sampuli ya watu 1,000 iliyogawanywa kwa uwiano huo ingewapata Wazanzibari wapatao 31, na kwa hao haiwezekani kusema neno la uhakika kuhusu mkoa wowote wa visiwa hivyo. Kwa hiyo watakwimu huongeza kwa makusudi idadi ya wateuliwa katika tabaka dogo, kisha katika kukokotoa hupunguza uzani wa kila mmoja wao ili jumla ya taifa isipotoke.

Sampuli ya vishada, ambayo wengine huiita ya makundi au ya kongano, hutumika ambapo hakuna orodha ya watu wote, au ambapo wametawanyika mno. Badala ya mtu mmoja mmoja, huteuliwa kwanza maeneo, kisha watu ndani ya maeneo hayo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulifanywa hivyo: yaliteuliwa maeneo 629, na katika kila eneo kaya 26, jumla kaya 16,354. Wahojaji hawakuhitaji orodha ya kaya zote za nchi. Walihitaji orodha za maeneo 629. Gharama ya unafuu huo ni kwamba majirani hufanana. Wanaochota maji katika kisima kimoja huugua maradhi yale yale, hivyo kaya 26 za kijiji kimoja hutoa habari pungufu kuliko kaya 26 zilizotoka vijiji 26.

Njia zisizo nasibu nazo zina mahali pake. Uteuzi lengwa humchagua mtu kwa ujuzi wake: anayetafiti istilahi za uundaji wa jahazi atawaendea mafundi wa jahazi, wala hatapiga kura miongoni mwa wakazi wote wa Lamu. Uteuzi wa kuelekezana, ambapo mtafitiwa mmoja humtaja mwingine, hufaa kwa makundi yasiyo na orodha. Kosa si kuzitumia njia hizi, bali ni kuzitumia na kisha kutoa asilimia kana kwamba ni za taifa zima.

Ukubwa wa sampuli

Wengi huamini kwamba sampuli ikiwa kubwa inatosha kuwa sahihi. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 kuuliza nani angeshinda urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alipata takriban asilimia 61 ya kura, na Landon akashinda majimbo mawili tu, Maine na Vermont. George Gallup, kwa sampuli ndogo sana ikilinganishwa na hiyo, alikuwa amemtaja mshindi kwa usahihi.

Majina ya jarida yalitoka kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo uchumi ulikuwa umeanguka na maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Isitoshe, aliyejibu ni yule aliyejisikia kujibu. Kasoro hizo mbili zote zilielekea upande mmoja, na karatasi milioni nyingine zingeendelea kuelekea huko huko. Jarida hilo lilitoweka mwaka 1938.

Kasoro ya aina hiyo mara nyingi hutafsiriwa kuwa upendeleo. Neno hilo linaeleweka, lakini lina lawama ndani yake, kwa kuwa apendeleaye hufanya kwa kutaka. Waliotuma karatasi zile hawakumpendelea mtu. Pale ambapo hakuna nia, neno mwelemeo hueleza vyema zaidi jambo lililoinama upande mmoja.

Ukubwa una kazi yake pale uteuzi unapokuwa nasibu kweli. Sampuli nasibu sahili ya watu 1,000 hukadiria asilimia kwa tofauti isiyozidi takriban pointi 3 juu au chini, katika sampuli 95 kati ya 100. Ili kuipunguza tofauti hiyo kwa nusu, huhitajika watu 4,000, si 2,000. Jambo linalowashangaza wanaoanza ni kwamba ukubwa wa kundi zima hauna athari kubwa hapa: watu 1,000 hulisemea taifa la milioni 60 kwa uhakika ulio karibu sawa na wanavyousemea mji wa laki moja. Kijiko kimoja cha mchuzi uliokorogwa vizuri humtosha mpishi, iwe sufuria ni ya nyumbani au ya harusi.

Maswali ya hojaji

Sampuli njema huweza kuharibiwa na swali baya. Hojaji na dodoso hutumika kwa maana ile ile, ingawa kitenzi dodosa kina ladha ya kuuliza kidogo kidogo hadi habari itoke. Usaili ni mahojiano pia, lakini nchini Tanzania msikilizaji kwanza hufikiria mahojiano ya kuomba kazi. Kwa utafiti, mahojiano ni neno salama zaidi.

Istilahi yenye uzito mkubwa kuliko zote katika tafiti za jamii ni kaya. Kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja na kushirikiana katika chakula. Siyo familia: kijana anayesoma mbali ni wa familia lakini siyo wa kaya, na mtumishi wa nyumbani anayelala na kula humo ni wa kaya ijapokuwa siyo wa familia. Siyo nyumba pia: nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vya wapangaji, kila mmoja na jiko lake, ina kaya sita. Mtafsiri anayeandika "nyumba" mahali pa "kaya" amezifanya kaya sita kuwa moja. Kwa msomaji wa pwani ya Kenya kuna tahadhari ya ziada, kwa kuwa kaya huko ni pia makazi ya jadi ya Wamijikenda yaliyomo misituni.

Neno ndugu huleta taabu nyingine. Tafiti za vifo vya uzazi humuuliza mtafitiwa habari za ndugu zake wa kike. Swali likiachwa hivyo, atawahesabu mabinti wa baba mdogo na wa mama mkubwa, kwa kuwa hao ni dada zake. Sharti iandikwe "waliozaliwa na mama yako mzazi".

Wakati nao huhitaji uangalifu. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Siku hizi wengine huutaja usiku huo kuwa wa Alhamisi. Swali "ulilala wapi usiku wa Ijumaa?" lina majibu mawili ya kweli. Kauli "usiku wa kuamkia Ijumaa" inaondoa utata wote, na ndiyo maana lugha ya sensa huishikilia.

Kamusi na sampuli

Wapenzi wa lugha wasidhani kwamba mambo haya ni ya watakwimu pekee. Kila kauli kwamba neno fulani linatumika sana hutegemea sampuli ya matini. Mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki, ulioanzishwa na Arvi Hurskainen, una maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili, na miongoni mwa vyanzo vyake ni habari na vitabu. Ni hazina kubwa. Hata hivyo mkusanyo wowote wenye magazeti mengi utaonyesha neno waziri mara nyingi kuliko neno upawa, ijapokuwa upawa hushikwa jikoni kila siku. Mwanafunzi atakayehitimisha kwamba upawa ni neno linalokufa atakuwa amelisoma gazeti, siyo jamii. Hitimisho sahihi litaje mkusanyo: "katika matini za habari, neno hili ni adimu."

Matumizi kwa muhtasari

Sampuli: "Sampuli ya kaya 120 iliteuliwa katika vijiji vinane." Isitumiwe kwa maana ya aina katika maandishi ya utafiti.

Nasibu: "Majina yaliteuliwa kinasibu kutoka daftari la shule." Kama hapakuwa na orodha wala kura, iandikwe: "Walihojiwa wateja waliopatikana sokoni kati ya saa 3 na saa 6 mchana."

Kundi lengwa: "Kundi lengwa ni walimu wote wa shule za msingi za wilaya." Idadi yao hutajwa katika sentensi nyingine.

Mwelemeo: "Orodha ya wenye simu ilileta mwelemeo." Upendeleo utumiwe penye nia.

Kaya: "Kila kaya ilihojiwa mara moja." Neno hili lisibadilishwe kuwa familia au nyumba kwa ajili ya kuepuka kulirudia, katika maandishi ya takwimu, kurudia neno lile lile ni bora kuliko kubadili maana.